Mume Wangu Anasema Jenereta Inatosha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, na ninaishi na mume wangu pamoja na mama yake mzazi, ambaye ana kisukari na huchomwa sindano ya insulini kila siku. Mtoto wetu mdogo ana pumu, na kifua kikimbana huvuta dawa kwa mashine ya nebulaiza inayotumia umeme.

Msimu uliopita dhoruba ilitupiga usiku, ikaangusha nguzo za umeme mtaa mzima, tukakaa gizani siku tano. Siku ya kwanza nilijaza barafu kwenye kisanduku cha baridi, nikazilaza chupa za insulini za mama mkwe juu yake nikiamini nimefanya la maana; asubuhi nilikuta mbili zimeganda. Usiku wa pili mshumaa niliouacha karibu na dirisha uliunguza pazia, na kama si kijana wetu mkubwa kuamka kwenda chooni, sijui ningekuwa naandika barua gani leo. Siku hiyohiyo ya pili maji yaliisha, kwa sababu pampu yetu ni ya umeme, jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Simu zote zilizima karibu kwa wakati mmoja. Friza nayo tulikuwa tunaifungua kila saa kuangalia kama vitu bado ni vizima, mpaka vikawa si vizima.

Sasa msimu huo unarudi na tahadhari zimeanza kutangazwa. Mume wangu amenunua jenereta, na kwake yeye suala limekwisha. Nikigusia maji, dawa au tochi, hunijibu, "Jenereta tunayo, unataka nini tena?" Amepanga kuiweka kwenye korido ya nyuma, mlango wa nje ukiwa wazi ili moshi utoke, kwa kuwa nje kabisa anaogopa wezi na mvua. Fundi mmoja rafiki yake amemtengenezea kebo yenye plagi huku na huku, ili aichomeke kwenye soketi ya ukutani na nyumba nzima iwake. Moyo wangu haujatulia, lakini mimi si fundi, wala sipendi kuonekana mke wa kupinga kila jambo, hasa mbele ya mama yake.

Je, hofu yangu ni ya haki? Na kwa fedha kidogo iliyobaki baada ya jenereta, nianze na nini?

Wako,
Mwenye Wasiwasi

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu.

Hofu yako ni ya haki kabisa, na kama ningekuwa wewe, kebo hiyo yenye plagi mbili isingelala ndani ya nyumba yangu hata usiku mmoja. Naanza nayo kwa sababu ndiyo hatari isiyoonekana na mtu anayeitumia. Upande mmoja ukiwa umechomekwa kwenye jenereta inayounguruma, pini za upande wa pili zina umeme zikiwa wazi hewani, na mtoto akiiokota kebo hiyo gizani ameshika moto mkononi. Hata ikishachomekwa ukutani bila ajali, umeme wa jenereta hautaishia ndani ya nyumba yenu. Utapita kwenye mita, utoke hadi kwenye nyaya za barabarani na kuifikia transfoma, na transfoma iliyozoea kuushusha umeme wa kutoka kwenye laini kubwa itaupandisha huu wa kwenu hadi maelfu ya volti. Fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa anaweza kufia hapo, na familia yake isijue kamwe kwamba kifo kilitoka kwenye soketi ya sebuleni kwenu. Tena umeme wa shirika ukirudi ghafla kebo ikiwa bado imechomekwa, jenereta yenyewe inaweza kuungua na kuwasha moto.

Njia sahihi ni mbili tu. Ya kwanza ni kumwita fundi mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia, ile ambayo mafundi huiita chenji-ova, inayohakikisha kwamba nyumba haiwezi kuunganishwa na jenereta na laini ya barabarani kwa wakati mmoja. Ya pili, ambayo ni rahisi na inawatosha kwa msimu huu, ni kuvuta kebo nene ya matumizi ya nje kutoka kwenye jenereta, kisha kuchomeka moja kwa moja kwenye kebo hiyo vile vifaa vichache mnavyovihitaji. Nyumba nzima haina haja ya kuwaka. Friji, taa mbili na chaja za simu zinawatosha.

Suala la korido ni zito zaidi, na hapa naomba mume wako anisikilize kwa makini. Jenereta hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu huendelea kuvuta pumzi huku mwili wake ukikosa hewa. Anayelala usingizini haamshwi na chochote. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni uchovu wa dhoruba, akajilaza apumzike. Mlango ulioachwa wazi hausaidii, na mara nyingine upepo unaoingia kwa mlango huohuo ndio unaoisukuma gesi vyumbani. Feni nayo haisaidii. Jenereta inapaswa kukaa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba lake la moshi likielekezwa mbali na madirisha na milango, ya kwenu na ya majirani. Kanuni hiyohiyo inahusu jiko la mkaa na jiko lolote la kambini: havipikiwi ndani milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvua. Vipo pia vifaa vidogo vya betri vinavyolia gesi hiyo inapoanza kujaa, na mkimudu kimoja, kikae karibu na vyumba vya kulala.

Wezi na mvua ni hoja za kweli, sitazibeza. Kwa wezi, nunueni mnyororo na kufuli nzito, mkaifunge kwenye nguzo iliyozamishwa ardhini. Kwa mvua, jengeni kijibanda cha paa tu, kisicho na kuta, na mashine iinuliwe juu ya matofali ili maji yapite chini yake. Wakati upepo wenyewe unapovuma kwa nguvu haiwashwi kabisa. Kazi yake inaanza dhoruba ikishapita. Mafuta ya akiba yahifadhiwe nje ya nyumba katika madumu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na tangi lijazwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, kwani petroli ikidondokea eksozi yenye moto haisubiri mtu aombe radhi. Wala hamna haja ya kuiendesha usiku kucha: saa chache asubuhi na saa chache jioni zinaweza kuliweka friji katika baridi inayofaa, mradi mlango wake haufunguliwi ovyo.

Sasa nije kwa mama mkwe, ambaye kwa maoni yangu ndiye alistahili kuwa mwanzo wa mipango yote. Nyumba nyingi hujiandaa kwa kuhesabu vifaa, ilhali zingepaswa kuanza kwa kuuliza nani ndani ya nyumba hii ataumia kwanza umeme ukikatika, na ataumia baada ya saa ngapi. Ukijibu swali hilo, utajua fedha yako kidogo iende wapi. Kwenu wapo wawili.

Kuhusu insulini, kosa lako lilikuwa la kumpenda mgonjwa kupita kiasi, na ni kosa la watu wengi, kwa hiyo usijilaumu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, lakini haitakiwi kuganda kamwe. Ikishaganda, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima, nguvu yake haitegemeki tena na lazima itupwe. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo lingekuokoa msimu uliopita, ni kwamba chupa au kalamu iliyoanza kutumika kwa kawaida inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto la chumba halizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina yake. Soma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, au muulize mfamasia sasa, kabla ya dhoruba, kwa kuwa aina hutofautiana. Maana yake ni kwamba siku tano bila friji si msiba kwa chupa inayotumika, ikiwa mtaiweka penye kivuli, mbali na jiko na dirisha.

Kwa zile za akiba, tumia kisanduku chako cha baridi, ila kwa mpangilio huu: barafu chini, juu yake taulo nene lililokunjwa, na juu ya taulo kopo kavu lenye mfuniko ambamo chupa zimo, zisiguse barafu wala maji yake. Weka na kipimajoto kidogo humo ndani, ukikague asubuhi na jioni. Wengine hutumia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati wakiweka mchanga wenye maji, na njia hiyo hupoza vizuri sana siku za ukavu; lakini baada ya dhoruba hewa huwa nzito kwa unyevu, maji hayakauki haraka, na chungu hakipozi kama mtu anavyotarajia. Pamoja na insulini, wekeni akiba ya sindano, vijiti vya kupimia sukari na betri ya kipimo chake, na pia kitu cha sukari cha kumpa haraka ikishuka, maana siku za dhoruba watu hula kwa saa zisizoeleweka na mgonjwa wa kisukari ndiye hulipa. Mwombeni daktari wake dawa za wiki mbili mapema, badala ya kungojea tangazo, kwani siku ya tangazo duka la dawa huwa na foleni ya mtaa mzima.

Mtoto mwenye pumu mweleze daktari wake hivyohivyo. Mara nyingi, shambulio lisipokuwa kali sana, pampu ya mkono ya kuvuta dawa ikitumiwa pamoja na kile kichupa chake cha plastiki hufanya kazi sawa na nebulaiza, nayo haihitaji umeme hata kidogo. Daktari akisema mashine ni lazima, zipo nebulaiza ndogo za betri. Ona basi: wagonjwa wenu wawili, mliodhani wanaitegemea jenereta, wanaweza kuvuka siku tano karibu bila kuihitaji, na jenereta ikawa nyongeza badala ya uhai wenyewe. Mashine inaweza kugoma kuwaka, na mafuta yanaweza kukosekana.

Maji ndiyo jambo la pili kwa uzito, na nyinyi mmeshalipa ada ya somo hilo. Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika kidogo na kupiga mswaki. Mko watano, na mlikaa siku tano. Hizo ni lita 100, yaani madumu matano ya lita 20, yaliyooshwa vizuri, yakafungwa, yakawekwa mahali pasipopigwa na jua. Maji ya choo na ya kufulia ni hesabu nyingine: siku tahadhari inapotolewa, jazeni kila ndoo, beseni na pipa lililopo, mkifunika kwa ajili ya usalama wa watoto. Mkiishiwa na kulazimika kutumia maji msiyoyaamini, yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima; kama mafuta ya kuchemshia hayapo, dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya takriban asilimia 5, hutiwa matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu, ikakorogwa na kuachwa dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, chuja kwa kitambaa safi kwanza, kisha zidisha matone mara mbili.

Mishumaa achana nayo. Pazia lako limeshasema yote. Kila mtu awe na tochi yake, na ya kuvaa kichwani ni bora, kwa sababu huacha mikono huru unapombeba mtoto au unapochoma sindano. Ukitaka chumba kizima kipate mwanga, simamisha tochi ikielekea juu, kisha ilaze chupa ya plastiki yenye maji mdomoni mwake, na mwanga utatawanyika. Kwa simu, betri ya akiba ya kuchajia yenye uwezo wa mAh 10,000 hujaza simu ya kawaida takriban mara moja na nusu hadi mbili. Mkiwa na moja iliyojaa, na simu moja tu ikiwashwa kwa zamu huku nyingine zimezimwa, mtafika siku ya tano. Tumeni ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwa kuwa hupenya hata mtandao unapoelemewa. Redio ndogo ya betri bado haijapata mpinzani.

Friza isifunguliwe, basi. Ikiwa imejaa na imefungwa hushika baridi kwa takriban saa 48, na ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida huvumilia saa 4 tu. Weka leo kikombe cha maji ndani ya friza, yakiganda weka sarafu juu ya barafu, kisha kiache humohumo. Baada ya dhoruba utaifungua friza mara moja tu: sarafu ikiwa juu, vitu havikuyeyuka, ikiwa imezama chini, viliyeyuka vikaganda tena, na hapo usionje kitu ili kujua kama ni kizima.

Kuhusu nyumba yenyewe sitasema mengi, ila hili: upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, kwa hiyo kiti cha plastiki kilichoachwa uani kinaweza kupita dirishani. Ingizeni kila kinachoweza kuruka, katieni matawi yaliyoinamia paa, na zibueni mifereji ya maji ya mvua. Utepe wa gundi unaobandikwa kioo kwa alama ya msalaba hauzuii kitu. Kioo hupasuka vilevile, tena kwa vipande vikubwa zaidi. Plaiwudi iliyopigiliwa vizuri ndiyo kinga. Usiku wenyewe kaeni chumba cha ndani kisicho na madirisha, chini kama nyumba ni ya ghorofa, vyeti na fedha taslimu vikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Maji yakitishia kuingia ndani, zimeni swichi kuu mapema; yakishaingia na swichi iko penye maji, msiiguse. Na upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba kubwa, msitoke kushangilia, kwani huenda mko kwenye jicho lake, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Asubuhi, waya wowote ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme na usisogelewe ndani ya mita 10. Wala msivuke maji yanayokwenda kasi: ya kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuisukuma gari ndogo.

Limebaki la mume wako, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike. Mtu aliyetoa fedha nyingi kununua kifaa kikubwa hupenda kifaa hicho kimalize kila tatizo, na ukimwambia hakitoshi husikia umemwambia yeye hatoshi. Kwa hiyo usimwendee kama mpinzani wa jenereta. Mwendee faraghani, mama yake asiwepo, umwambie unataka jenereta yake ifanye kazi bila kumdhuru mtu, na mambo ya kebo na korido umsomee kama nilivyoyaandika, lawama nibebe mimi. Hayo mawili hayana mjadala wala subira. Mengine yaliyobaki usiyabishanie kwa maneno, bali mwombe jambo moja: mchague Jumamosi moja kabla msimu haujaanza, mkazime swichi kuu ya nyumba hadi Jumapili jioni, pampu ya maji ikiwemo, na jenereta ikiwa mita 6 huko nje ikiwashwa kwa saa chache tu kama nilivyosema. Insulini ya kutumika iacheni nje ya friji kama karatasi yake inavyoruhusu, na madumu mawili ya maji yawe ndiyo yote mliyo nayo. Mpe yeye daftari aandike kila kitu kitakachokosekana, kwa mwandiko wake mwenyewe. Orodha atakayokuletea Jumapili ndiyo utakayoenda nayo dukani na ile fedha iliyobaki.

Anzeni saa 11 jioni, kungali na mwanga, na kabla hamjazima, hakikisheni mama mkwe ana tochi yake mkononi.